Ngoma Iliyochomolewa Waya

Duqm, Oman
14 Novemba 2024
Mwaka na miezi tisa tangu niondoke Unguja

Mama Ummy,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, na nyie naomba muwe wazima. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Yule mfanyabiashara wetu Mkubwa amefika huku na mizigo yake. Pweza mkavu nimempata, achari nimeipata, na habari zako nimezipata pia, na hizo ndizo zilizonikwama kooni. Tulikuwa tumekaa nje ya kambi, kila mtu na ndoo yake ya kukalia, mara akanipiga bega. "Hongera yakhe. Mkeo siku hizi ndiye mpiga ngoma wa mji."

Nikamwambia, "Mke wangu hajui kupiga hata hodi, anaingia tu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Si kwa mikono. Kwa kompyuta. Anakaa pembeni ya ukumbi kama karani wa benki, anabofya, ngoma inalia, wanawake wanakatika. Mke wangu alikuwepo, karudi nyumbani viatu mkononi."

Wenzangu wote wakanigeukia. Maana hapa kambini mimi najulikana kwa jambo moja tu. Si kwa kufunga nondo, wafunga nondo tumejaa kama sisimizi. Mimi ni Shaame mpiga kidumbaka, zile ngoma za harusi za Unguja. Jina hilo nimetembea nalo mpaka jangwani. Sasa nikamwona kijana mmoja wa Tanga anauma mdomo asicheke.

Nafunga nondo tangu jua halijatoka. Waya unanikata vidole, saruji imeingia kwenye nyufa za mikono mpaka nikila mchuzi chumvi inaniwasha. Navumilia kwa sababu najua nyumbani kuna kitu kimoja kinaningoja, ambacho hakuna mtu mwengine anayekiweza. Nikirudi nakaa nyuma ya vidumbaka vyangu na harusi zinanifuata kama zamani. Leo naambiwa nafasi yangu imekaliwa na mashine yenye ukubwa wa sinia.

Na Mkubwa kasema ngoma zangu ziko juu ya kabati, na juu yake umepanga mabeseni. Mabeseni, Mwanapili! Ngozi zile niliziwamba kwa mikono yangu.

Ummy nilimwahidi tangu hajang'oka meno ya utoto kwamba harusi yake nitaipiga mimi. Mimi, si mashine. Zima hicho kitu. Teremsha ngoma zangu, zianike jua la asubuhi.

Nakuandikia karatasi kwa sababu kwenye simu tukianza, ama unakata wewe ama nakata mimi. Karatasi haina kitufe.

Shaame

*

Hurumzi, Unguja
3 Desemba 2024

Baba Ummy,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara moja na imetosha.

Unasema nafasi yako imekaliwa. Kaa, nikueleze ilivyokaliwa. Ulipoondoka, kikundi chenu kilidumu miezi mitatu. Mpiga fidla yuko Nungwi, anawapigia wageni hotelini wakila kamba. Mpiga sanduku la besi kafungua banda la chipsi Darajani na kapata kitambi. Cherewa zenu za kutikisa anachezea mtoto wa jirani. Nafasi hiyo ilikuwa wazi, Shaame. Hakuna aliyekusukuma.

La pili. Wanawake wa mji huu wamechoka. Kila sherehe, kesho yake mtu anaona kiuno chake kwenye simu za watu. Sasa hawataki simu ukumbini na hawataki mwanamme ukumbini, hata wa kupiga ngoma, hata akae nyuma ya pazia. Wanataka wavue mabuibui wacheze. Lakini bila ya wapigaji watacheza nini? Miziki ya kwenye redio? Ndipo Ruchi aliponiita.

Ruchi ni huyu binti wa jirani, wa duka la vitambaa la baba yake. Alinunua kompyuta mpya, ile ya zamani akanipa, na ndani yake mna programu ya kurikodia muziki. Akanikalisha, "Bi Mwanapili, wewe umecheza harusi zote za mtaa huu. Mguu wako unajua. Ufundishe na mkono."

Nikaanza, baada ya kupika, chini ya ngazi pale penye upepo. Kwenye kioo unaona mistari imepangwa kama daftari la hesabu. Kila mstari ni sauti moja: huu mdundo mzito, huu kofi, huu njuga. Kila mstari una vijumba kumi na sita. Ukikibofya kijumba kinawaka, na mwanga ukipita hapo sauti inalia. Ukimaliza vijumba unaiambia irudie, nayo inarudia mpaka uikataze. Rahisi. Mtoto anaweza. Na mimi nikaweza, na wanawake wakacheza, na nilipokuwa nakunja waya zangu bibi mmoja aliniombea dua mpaka nikaona haya.

Lakini nikwambie kweli, maana wewe ni mume wangu hata ukiwa na mdomo huo. Haiko sawa. Ngoma zilizomo ndani ni za Wazungu, na hata nikipanga vijumba vile vile unavyopiga wewe, inatembea kama askari wa gwaride. Ruchi kanambia, "Hii harusi au wanakwenda vitani?" Wewe kuna pigo unalichelewesha kidogo, mtu anadhani umelisahau, halafu linakuja, na hapo ndipo kiuno kinapoanguka. Kijumba cha pigo hilo hakimo kwenye mistari. Nimelitafuta mpaka macho yameuma.

Na sasa nisikilize wewe. Hina ya Ummy imeshapangwa. Ni Mfungo Mosi, baada ya Idd, wiki ya pili. Himid, mchumba wake, umemkubali mwenyewe kwa simu, ukamsifu kuwa anajua kuteleza juu ya bahari kwa tiara na bado anasali. Lakini mama yake, Bi Borafya wa Paje, ana sharti moja na halirudi nyuma. Alilisema hapa sebuleni kwangu, kikombe mkononi: "Mimi wanangu wa kike na wakwe zangu hawaonwi na mwanamme wakicheza. Ngoma ya mashine naikubali. Mpigaji simtaki, hata angekuwa baba wa bibi harusi." Kwa hiyo hata ungekuwa hapa, ungekuwa nje.

Nitumie mkono wako. Piga chochote, rikodi kwa simu, tia kwenye flashi. Nitaukata pigo moja moja na kuupanga, ili Ummy acheze ngoma ya baba yake. Na tafadhali andika kipi ni kipi: kipi cha kuanzia, kipi cha kuchapua, kipi cha kumalizia. Mimi nimezicheza tu, majina yake siyajui.

Mabeseni yana kazi. Njoo uyateremshe.

Mwanapili

*

Duqm
5 Januari 2025

Mwanapili,

Flashi hiyo. Umetaka mkono, mkono huo. Nimepiga ndoo ya rangi kwa sababu ngoma zangu zimebeba mabeseni.

Kipi ni kipi sikwambii. Miaka yote umelala na mpiga ngoma. Kama sikio lako halijajua, iulize kompyuta, si inajua kila kitu?

Mwambie Bi Borafya mimi si mwanamme. Mimi ni baba.

Shaame

*

Hurumzi
20 Februari 2025

Shaame,

Sikusalimu. Nikipoa nitakusalimu mwishoni.

Ulipiga nini kwenye ile flashi?

Nimeisikiliza yote, mwanzo mpaka mwisho, siku baada ya siku. Karibu yote ilikuwa hasira. Unapiga ile ndoo kama unampiga mtu, kama unanipiga mimi. Hakuna pale ambapo mwanamke angeweza kuweka mguu. Mpaka karibu na mwisho. Pale kuna mtu anasema kitu kwa mbali, wewe unacheka, halafu unaanza kupiga taratibu, laini, na lile pigo la kuchelewa likaja lenyewe. Nikalia, Shaame. Nikasema, huyu hapa. Huyu ndiye ninayemjua. Ummy akatoka jikoni, "Mama, baba huyo?" Nikamwambia ndiye.

Basi nikachukua kipande hicho. Nikakata kila sauti ya ndoo nikaipa kitufe chake, nikapanga mapigo vile vile ulivyoyaweka wewe. Ruchi akanionyesha kitufe kinachovuta kila pigo likae sawa kwenye mstari wake. Nikamwambia ukikigusa nakuvunja mkono. Nikayaacha yaliko, nje ya mistari. Nikaongeza njuga. Nikaiambia irudie.

Juzi ilikuwa hina ya Khairat, mtoto wa nyumba ya tatu, kabla Ramadhani haijaingia. Nikasema nitaijaribu hapo, ili siku ya Ummy nisiwe na wasiwasi. Bi Borafya nilimwalika mwenyewe, ukwe ndio huo. Alikaa mbele kabisa, kanga mpya, yuko na shangazi yake Himid.

Nikaibofya. Ukumbi mzima ukasimama. Nikajiona mtu. Ngoma yako inazunguka, inazunguka, inazunguka, haichoki, haipungui. Mara namwona Bi Borafya kafumba macho. Nikasema kanogewa. Mara mabega yake yakaanza. Si viuno, Shaame, mabega, moja moja, kama mtu anayejitoa kwenye nguo iliyombana. Shangazi yake Himid akapiga kelele, "Zima! Zima hiyo!" Mie kwa kelele zile nikadhani anasema "Zidi!" maana kila mtu alikuwa anapiga kelele, na nikazidisha sauti.

Bi Borafya akasimama juu ya kiti. Yule mama mzito, mkulima wa mwani, wa heshima zake, hajawahi kuonekana hata kichwa wazi. Akasema kwa sauti nzito ambayo si yake, "Nani kaniita?"

Ukumbi wote kimya, isipokuwa wewe. Wewe unaendelea kupiga.

"Nani kaniita, hanipi hata marashi?"

Nikaja kukumbuka kompyuta, kishale nakitafuta kwenye kioo sikipati. Aliyetuokoa ni Khairat, bibi harusi mwenyewe. Hina mbichi mikononi na miguuni, hawezi kushika kitu, akanyanyua mguu akachomoa waya wa spika kwa vidole. Ngoma ikakatika pap. Na Bi Borafya hakuanguka, hakulia, hakushuka. Akabaki amesimama juu ya kiti, mabega yamepanda mpaka masikioni. Tukamteremsha kama kabati.

Mpaka leo mabega hayajashuka. Mie sijui kama ni pepo au ni presha au ni miaka ya kubeba mwani mbichi. Najua tu kwamba watu wa Paje wanasema tulimwita huyo pepo makusudi, tukamwaibisha bibi wa watu mbele ya mji. Lilikuwa jambo lake la ujanani, limetulizwa zamani, hata Himid hakulijua. Shangazi yake alisimama mlangoni kwangu hataki hata kuketi. "Mmemwita kwa mashine, na mashine haina adabu ya kumuaga mtu. Mpaka aagwe, harusi hakuna."

Harusi hakuna. Umesikia? Ummy hajala tangu juzi.

Neno moja tu ningekuomba uandike. Nililiomba. Ulipiga nini?

Mwanapili

*

Duqm
2 Machi 2025

Mwanapili,

Jana tumeanza mfungo wa Ramadhani na mimi nimefunga nikiwa na ghadhabu, sijui kama imekubaliwa.

Nilipiga hivi. Chumba kimoja nalala na Mpemba mmoja, jina lake Mwalim. Siku ile narikodi, nina hasira zangu, yeye amelala kitandani uso ukutani, wiki hiyo alipata habari mama yake mgonjwa. Nilipokaribia kumaliza akasema, "Shaame, nipigie kidogo ile ya kwetu. Ile mama anayoipenda." Wewe unajua nilikozaliwa, unajua nyumba ya babu yangu ngoma gani zilipigwa. Nikampigia. Ni ngoma ya kuita pepo. Nilimpigia kidogo tu, akacheka, akalia, tukanywa chai. Simu nilisahau kuizima. Ndiyo hiyo.

Sasa utaniambia ni kosa langu. Mimi nakuuliza, nani alikwambia uirudie? Ile ngoma haizungushwi! Mimi kwa Mwalim niliipiga nikaiacha. Wewe umeikata mkia, ukaizungusha kama feni, mwanzo mwanzo mwanzo mwanzo, unaita unaita unaita, mtu hata kama amelala kaburini angesema naam. Na hukusikia kuwa si ya harusi? Miguu yako imecheza harusi zote za mji!

Na nikwambie jengine, ndilo linalonichoma. Mpigaji hapigi kwa masikio. Anapiga kwa macho. Mimi nikikaa nyuma ya ngoma sitazami mikono yangu, natazama mabega ya watu. Hata kwenye harusi, ya furaha tu. Nikiona bega la mtu limeanza kwenda upande wake, nabadilisha, nachapua, namtoa huko, na yeye hajui kama nimemtoa. Mara ngapi nimefanya hivyo na wewe umekaa pale pale hukuona! Hiyo mashine yako ina macho? Ina jicho moja, na hilo linakutazama wewe.

Usiibofye tena. Usijaribu kumuaga kwa kompyuta. Najua utataka kuniambia, Shaame, piga ya kumalizia, tia kwenye flashi. Ya kumalizia hairikodiwi. Unapiga mpaka umeona mabega yameshuka, na hakuna anayejua kabla ni lini. Nikikutumia fupi, atabaki juu. Nikikutumia ndefu, atapanda tena.

Watafute mpigaji mwengine huko Paje, wapo, wakamshushe. Mimi nina mkataba mpaka Agosti na mikono iliyojaa saruji.

Mwambie Ummy ale.

Shaame

*

Hurumzi
12 Machi 2025

Baba Ummy,

Ramadhani karim. Nimekusalimu. Usizoee.

Wapigaji wengine wameshatafutwa. Wawili. Kabla ya mfungo walikwenda nyumbani kwa Bi Borafya wakapiga mpaka jasho likawatoka, yeye kawakodolea macho tu. Fundi wao wa pepo huko Paje, mama mmoja mkali hana mchezo, kasema huyo aliyekuja ameujua mkono uliomwita na anaungoja huo huo. "Sasa ni Ramadhani," kasema, "pepo wote wamefungwa. Bibi atapata nafuu, mtadhani amepona. Msijidanganye. Pepo kafungwa tu, hajashuka. Idd ikipita atafunguliwa, na atarudi na deni lake." Na kweli, siku hizi Bi Borafya anapika futari, anacheka, mabega yamelegea kidogo. Kila mtu anajifanya yamekwisha. Mimi nahesabu Idd kwa hofu. Hina ya Ummy ni Alkhamisi ya tarehe 10 Aprili. Fundi kasema ashushwe kabla ya hapo, ndani ya siku zile chache baada ya Idd, na Bi Borafya mwenyewe, alivyo na hasira na mimi, kasema hivi mbele ya Himid: "Akinishusha baba yake, naitia mkono wangu harusi hii. Asipokuja, sina mkwe Hurumzi."

Ndio hali hiyo. Sasa nijibu barua yako.

Umenipigia kelele juu ya macho. Mpigaji anatazama mabega. Nimeusoma mstari huo, nikaukunja, nikaufungua, nikausoma tena. Wewe Shaame, unatazama mabega ya nani? Mwaka huu wa tatu unaingia. Uliona ya Ummy yalivyoshuka siku ile shangazi yake Himid aliposimama mlangoni? Uliona yangu nilipokuwa napandisha maji ngazini na mgongo umekaza? Umekaa jangwani unapiga bila ya kutazama, mwezi baada ya mwezi, pigo lile lile: nitarudi, nitarudi, nitarudi. Unaisema mashine! Na wewe u nini?

Nilikuuliza kipi ni kipi. Ukanikatalia kwa kiburi. Mimi nikachagua pale pekee ulipopiga bila ya hasira. Katika flashi nzima hapakuwa na pahali pengine. Kama ungenipigia ya harusi kwa moyo ule ule uliompigia Mwalim, leo Bi Borafya angekuwa anavuna mwani wake na Ummy anashona nguo. Moyo wako ulikuwepo. Ulimpa Mpemba.

Sikuombi uje kwa ajili yangu. Njoo ukamalize ulichoanzisha.

Na juu ya hina yenyewe. Bi Borafya halegezi, hakuna mwanamme ndani. Lakini nimezungumza na Ruchi na jambo linawezekana. Ukumbi una ua nyuma, na ua una dirisha dogo la juu. Wewe utakaa uani na vidumbaka vyako. Maikrofoni itakuwa mbele ya ngoma zako, waya utapita dirishani, utaingia kwenye kompyuta yangu na kutoka kwenye spika. Huna macho ndani, najua, umeshasema. Macho nitakuwa nayo mimi. Utavaa visikilizio vya masikioni, na mimi nitakuwa na maikrofoni yangu ndogo. Nikikwambia punguza, unapunguza. Nikikwambia chapua, unachapua. Nikikwambia mtoe huyo, unamtoa. Njuga na mdundo wa chini vitatoka kwenye vijumba vyangu. Nimeshavipanga, na lile pigo lako nimekuachia wazi. Hapo sikutia kitu. Hapo pana nafasi yako, na mashine ikifika inanyamaza.

Sasa kasirika utakavyo.

Mwanapili

Nimemruhusu Ummy aongeze kikaratasi. Sikukisoma.

*

Baba,

Shikamoo. Mimi Ummy.

Nyinyi mnagombana na harusi ni yangu. Mama anakusoma kwa sauti hapa jikoni na kukujibu kwa masufuria. Himid ananiambia tungoje, na mimi sijui tunangoja nini, mabega ya mama yake au barua zenu. Mimi sijali ngoma itoke kwenye ndoo au kwenye kompyuta au kwenye kopo la maziwa. Uliniahidi. Hukusema utanitumia. Ulisema utapiga.

Nimeanza kula.

Ummy

*

Duqm
22 Machi 2025
Miaka miwili na mwezi mmoja tangu niondoke

Mama Ummy,

Wa alaykum salaam, na usidhani nimepoa.

Barua yako aliniletea dereva wa basi, kapewa na Mkubwa huko Muscat. Nimeisoma nimekaa juu ya fungu la nondo, saa ya mapumziko, na sikurudi kazini mpaka nikaitwa mara ya pili. Ulichoandika juu ya kupiga bila ya kutazama ni kibaya sana. Nimetafuta la kukujibu siku tano. Nimeandika majibu mawili nikayachana. 

Basi nikaenda kwa msimamizi. Mtu wa Kerala, si mbaya, lakini hapendi kusumbuliwa akiwa amefunga. Akaniuliza, "Nani amekufa?" Kwao hapa mtu haombi kuondoka ila kwa maiti. Nikamwambia hajafa mtu, binti yangu anaolewa. Akasema, "Harusi zinasubiri, zege halisubiri." Nikamwambia mwanzo wa hii harusi nimeuharibu mwenyewe kwa mikono yangu miwili, na hakuna mikono mingine itakayoutengeneza. Sijui alifahamu nini, Kiarabu changu ni cha kuombea maji. Akaitazama mikono yangu. Akasema nikivunja mkataba tiketi najikatia mwenyewe na huku sirudi tena. Nikasema sawa. Pasi yangu ya kusafiria nimeipata jana.

Mwalim nilimwambia usiku, baada ya futari. Akasema, "Mimi ndiye niliyekuomba. Niombee radhi kwa huyo bibi." Nikamwambia aende akaombe mwenyewe, Pemba na Unguja si mbali. Akacheka kidogo. Mama yake bado mgonjwa. Usiku ule nimempigia tena ile ya kwao, juu ya ndoo, na safari hii niliimaliza, nikamtazama mpaka mwisho. Simu nilizima kwanza.

Sasa sikiliza vizuri, maana sitaandika tena.

Mwambie fundi wa Paje nitakwenda Jumamosi ya kwanza baada ya Idd. Ngoma ya kazi hiyo atoe yeye, vidumbaka vyangu siviingizi humo. Awe na marashi, kwa sababu yule aliyekuja alishadai. Watu wakae kando, watoto wasiwepo, na asiwepo mtu na simu. Nitapiga mpaka mabega ya Bi Borafya yashuke, hata jua lizame na lichomoze, na sitatazama kitu kengine. Mikono yangu imekuwa migumu, vidole viwili asubuhi havikunjiki sawasawa. Hilo sikukuandikia, kwa hiyo usiniambie nakuficha, nakwambia sasa. Uzito wa mkono ndio alioujua yule aliyekuja, wepesi hatautafuta.

Na juu ya uani kwako. Mimi, Shaame, nikae nyuma ya ukuta kama kuku wa jirani, waya masikioni, mke wangu ananiambia chapua, punguza, mtoe huyo. Wenzangu hapa wameshasikia, watanitania mpaka kaburini. Yule wa Tanga nimeshamsikia anakuigiza: "Punguza baba Ummy! Chapua baba Ummy!" Nilitaka kumrushia kiatu.

Lakini nimewaza. Ndani sitaona, na wewe utaona. Miaka yote nilikutazama ukicheza, sikujua kama na wewe ulikuwa unanitazama, mpaka ukalijua lile pigo ninalolichelewesha. Ruchi hakulijua. Kompyuta haikulijua. Kwa hiyo utatazama. Ukisema punguza nitapunguza. Lakini ukinipigia kelele masikioni nang'oa waya, na kwa mkono, si kwa vidole vya miguu.

Nafasi uliyoniachia kwenye vijumba vyako usiijaze kwa kitu chochote. Hata kwa njuga.

Mwambie Ummy nimekisoma kikaratasi chake. Mwambie sitamtumia.

Natua Unguja Alkhamisi tarehe 3 Aprili, ndege ya asubuhi. Nikifika, nisiyakute yale mabeseni.

Shaame